Kukodisha Pointi za Taimusheya Ili Kulipia Safari ya Meli ya Familia: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Karibu wote wanaokwama kwenye jambo hili hukwama mahali pamoja. Pointi wanazo, mgeni wa kuwakodisha wamempata, bei wamekubaliana, halafu siku ya kumalizia malipo ya meli inafika na pesa hazijaingia. Wengine huchota akiba ya dharura, wengine huingia deni la kadi ya mkopo, na wapo wanaofuta safari wakati watoto wameshaambiwa. Kinachowaangusha ni kalenda.

Mwongozo huu unafuata mfumo wa Disney Vacation Club wa Marekani, ambamo mwanachama hupata pointi kila mwaka za kulipia usiku kwenye hoteli za Disney, kwa sababu ndio ninaoumiliki na kuujua kwa undani. Kama taimusheya yako, yaani umiliki wako wa makao ya likizo kwa zamu, ni ya kampuni nyingine, fuata mpangilio huuhuu, ila tarehe na masharti yachukue kwenye mkataba wako.

Soma mpaka mwisho kabla ya kufanya lolote. Hatua ya 4 ndiyo roho ya kazi yote, na haifanyiki vizuri kama hujui kinachokuja baadaye.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Mkataba wako wa umiliki na masharti ya sasa ya wanachama.
- Jina na nywila ya tovuti ya wanachama. Ingia uone pointi zako kwa macho, usitegemee kumbukumbu.
- Jedwali la pointi la mwaka ambao mgeni atalala. Hutofautiana mwaka hadi mwaka.
- Uthibitisho kwamba ada ya mwaka imelipwa. Ukiwa na deni la ada, mfumo unaweza kukuzuia kuhifadhi chumba.
- Makadirio ya meli kwa maandishi: nauli, kodi na ada za bandari, bakshishi, na tarehe ya malipo ya mwisho.
- Akaunti ya benki iliyotengwa kwa shughuli hii peke yake.
- Kalenda ya karatasi yenye angalau miezi 21 na kalamu ya rangi mbili.
- Mkataba wa kukodisha. Kurasa mbili zinatosha.
- Akiba inayotosha arubuni ya meli bila kugusa pesa ya mgeni. Kama huna, subiri uwe nayo ndipo uanze.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa

Disney Vacation Club humruhusu mwanachama kukodisha pointi zake mara moja moja, lakini mkataba unakataza kuugeuza umiliki kuwa biashara. Familia inayowakodisha pointi wageni wawili ili ipate nauli ya meli iko mbali na mtu anayeshikilia vyumba kadhaa kila mwezi na kuviuza. Hata hivyo, soma mwenyewe kipengele cha matumizi ya kibiashara katika toleo la sasa, maana masharti haya hubadilishwa na toleo ulilosaini zamani huenda si linalotumika leo.

Onyo moja kwa wenye mifumo mingine. Makao uliyoyapata kwa kubadilishana kupitia RCI au Interval International, kampuni za kubadilishana makao ya likizo, hayaruhusiwi kukodishwa. Unaweza kumpa ndugu au rafiki, lakini si kuyauza. Kodisha kile tu unachohifadhi kwa pointi zako mwenyewe.

Hatua ya 2: Jua ni pointi zipi ulizonazo na zinakufa lini

Kila mwanachama ana mwaka wa matumizi, unaoanza tarehe 1 ya mwezi fulani: Februari, Machi, Aprili, Juni, Agosti, Septemba, Oktoba au Desemba. Pointi za mwaka huo lazima zilaliwe kabla haujaisha. Neno ni "zilaliwe": kuhifadhi chumba peke yake hakutoshi, siku za kukaa zenyewe ziwe ndani ya mwaka huo.

Pointi usizozitumia unaweza kuziweka benki, yaani kuzisogeza mwaka unaofuata, mradi ufanye hivyo ndani ya miezi 8 ya kwanza. Mwenye mwaka wa Agosti ana hadi 31 Machi. Ukishaziweka benki hazirudi nyuma wala hazisogei tena mbele. Unaweza pia kukopa pointi za mwaka ujao, lakini ukishakopa umekopa.

Chukua karatasi uchore safu tatu: idadi ya pointi, mwisho wa kuziweka benki, na siku zinapokufa. Mfano wangu, ambao nitaufuata mpaka mwisho: mwenye pointi 160 kwa mwaka, mwaka wa matumizi Agosti. Akiziweka benki pointi zake za Agosti 2026, atakuwa na 320 za kutumia kati ya 1 Agosti 2027 na 31 Julai 2028.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kumwambia mtu, bila kufungua simu, pointi zako ngapi zinakufa tarehe gani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kweli, ada ikiwa ndani

Swali la kwanza ambalo wengi huniuliza: kwa nini nisiipe kampuni pointi moja kwa moja, wanikatie safari ya Disney Cruise Line? Njia hiyo ipo kwa baadhi ya wanachama. Kwanza, walionunua pointi mkononi mwa mwenye nazo wa awali baada ya 21 Machi 2011 hawaruhusiwi kuitumia. Pili, hata anayeruhusiwa, pointi yake hununua kitu kidogo kuliko ambacho pesa ya kuikodisha ingenunua. Usiniamini tu. Chukua safari unayoitaka, uliza inadai pointi ngapi, kisha gawa bei yake ya dola kwa pointi hizo. Ukipata dola 8 au 9 kwa pointi, na dalali wa kukodisha pointi anakulipa 17, una jibu lako.

Sasa upande wa pili, ambao watu hawapendi kuutazama. Tuseme unakodisha pointi 320 kwa dola 17. Hiyo ni dola 5,440. Tuseme ada yako ya mwaka ni dola 9 kwa pointi. Pointi 320 zimekugharimu dola 2,880 za ada. Kilichobaki ni dola 2,560, na bado hujahesabu pesa uliyonunulia umiliki wenyewe wala kodi ya mapato.

Kuna wanaoiita safari ya namna hii "ya bure". Mimi sikubaliani nao, na nakuomba usimwambie hivyo mwenzako wa ndoa mnapopanga bajeti. Ada ungeilipa hata pointi zingelala bure, kwa hiyo dola 5,440 zitalipia meli kweli. Lakini ukizitumia zote melini, ada ya mwaka ujao itadai kutoka mfuko mwingine. Amua mapema itatoka wapi.

Kwenye upande wa meli nako, usiandike nauli peke yake. Bakshishi kwenye kampuni nyingi kubwa ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku, watoto wakiwemo. Familia ya watu 4, usiku 7, kwa dola 16, ni dola 448. Ongeza maegesho ya bandarini, usiku mmoja wa hoteli kabla ya kupanda, na matembezi ya nchi kavu.

Hatua ya 4: Jenga kalenda kuanzia mwisho kurudi mwanzo

Hapa ndipo nataka utulie.

Weka alama ya siku meli inapoondoka. Tuseme ni 10 Julai 2028. Sasa tafuta tarehe ya malipo ya mwisho. Disney Cruise Line, kwa safari ya usiku 6 au zaidi katika vyumba vya kawaida, hudai siku 120 kabla. Royal Caribbean, kwa safari nyingi za usiku 5 au zaidi, siku 90. Tarehe inayokuhusu ni ile iliyoandikwa kwenye makadirio yako, kwa hiyo ichukue humo. Kwa siku 120, tunarudi hadi 12 Machi 2028. Ipigie mstari mwekundu.

Toka hapo, rudi nyuma wiki mbili. Hiyo ndiyo siku pesa zote zinatakiwa ziwe zimeingia kwenye akaunti yako na kutulia. Tuiite 27 Februari 2028.

Sasa swali ambalo wengi hawajiulizi: mgeni wangu analala lini? Ukipitia kwa dalali, sehemu kubwa ya pesa huipata chumba kinapothibitishwa, na iliyobaki huipata baada ya mgeni kuingia. Tuseme ni asilimia 70 kwa 30. Kwenye dola zetu 5,440, asilimia 70 ni dola 3,808. Dola 1,632 zinasubiri mgeni afike mapokezi. Kama mgeni wako anakuja Pasaka, katikati ya Aprili, dola 1,632 hizo zitafika zaidi ya mwezi mmoja baada ya mstari mwekundu. Hujaibiwa, dalali hajakosea, na malipo ya meli hayatakamilika.

Kwa hiyo kanuni ni hii: mgeni awe ameshaingia hotelini kabla ya siku ya malipo ya mwisho ya meli. Siku aliyokubali au kusaini haihesabiki hapa.

Kwa mfano wetu, tunatafuta wageni wa Desemba 2027 na Januari 2028. Desemba mwanzoni ni msimu unaogombaniwa sana Walt Disney World, bustani za burudani za Disney huko Florida, mapambo ya Krismasi yakiwa yameshawekwa na shule hazijafungwa. Na mwanachama ana haki ya kuhifadhi kwenye hoteli yake ya nyumbani, yaani ile aliyonunulia umiliki, miezi 11 kabla, wakati wenye hoteli nyingine wanasubiri hadi miezi 7. Miezi minne hiyo ndiyo bidhaa yako halisi. Mgeni anakulipa kwa sababu unaweza kumpatia chumba ambacho wengine bado hawaruhusiwi kukigusa.

Mgeni anayeingia 4 Desemba 2027 anahifadhiwa 4 Januari 2027. Kabla ya hapo, pointi za 2026 ziwe zimeshawekwa benki. Kabla ya hapo tena, dalali au mgeni awe ameshapatikana. Maana yake kazi inaanza Novemba 2026, miezi 20 kabla ya meli kung'oa nanga.

Najua inaonekana mbali mno. Ukianza miezi 6 kabla, bado unaweza kukodisha, lakini pesa hizo zipangie safari ya meli ya mwaka unaofuata.

Kalenda yako imekamilika ikiwa na alama hizi, kwa mpangilio huu: kutafuta mgeni, kuweka pointi benki, kuhifadhi chumba, malipo ya kwanza kuingia, mgeni kuingia, malipo ya pili kuingia, malipo ya mwisho ya meli, safari. Ikiwa alama mbili zimepishana mahali, usiendelee.

Hatua ya 5: Dalali au mwenyewe?

Dalali hutafuta mgeni, huandaa mkataba, hupokea pesa na kukata chake. Ukifanya mwenyewe, unapata dola kadhaa zaidi kwa kila pointi na mara nyingi unalipwa zote kabla mgeni hajaingia, jambo linalorahisisha kalenda yetu. Kwa upande mwingine, kazi yote ni yako: kujibu maswali saa nne usiku, kumchunguza mtu usiyemjua, kubeba lawama mgeni akichanganya tarehe.

Ushauri wangu kwa mara ya kwanza ni dalali, hata kama unapoteza dola 3 kwa pointi. Kwenye pointi 320 hiyo ni dola 960, si hela ndogo, lakini unajifunza mchezo ukiwa na mtu anayeujua. Mara ya pili fanya mwenyewe ukitaka.

Onyo, na hili nalisema kwa uzito wote. Ukipigiwa simu na mtu usiyemjua akikwambia tayari ana mgeni wa pointi zako, unachotakiwa ni kulipa kwanza ada ya usajili au ya mwanasheria, kata simu. Wenye taimusheya wamekuwa wakilengwa na matapeli wa aina hii kwa miaka mingi, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, imekuwa ikitoa tahadhari kuhusu wanaodai malipo ya mbele. Dalali wa kweli hukata chake kwenye pesa ya mgeni. Hakuombi wewe utoe.

Hatua ya 6: Tangazo na bei

Kama umemchagua dalali, ruka hadi hatua ya 8.

Usitangaze "pointi 320 zinakodishwa". Mgeni hanunui pointi, ananunua usiku. Mweleze chumba, msimu, na kitakachokuwemo. Hili ni tangazo lililonifaa:

*"Chumba kimoja cha kulala na sebule, Kidani Village, mandhari ya savana. Usiku 5, kuingia 4 Desemba. Jiko kamili na mashine ya kufulia. Nahifadhi kwa dirisha la miezi 11. Nitajaribu kupata tarehe hii asubuhi dirisha linapofunguka. Nikikosa, hulipi chochote. Mkataba wa maandishi kwa pande zote mbili."*

Kidani Village na Jambo House ni sehemu mbili za Animal Kingdom Villas, hoteli ya mfumo huu huko Walt Disney World, na kwetu tunaozungumza Kiswahili majina hayo huleta tabasamu. Pale unaweza kunywa chai barazani huku twiga anapita chini. Sema mambo ya namna hiyo kwenye tangazo, yanauza kuliko hesabu ya pointi.

Sema pia ambayo mgeni hatayapata. Vyumba hivi havifanyiwi usafi kamili kila siku kama hoteli ya kawaida, na punguzo la mwanachama la madukani na migahawani halimfikii. Akiyajua mapema hatakulaumu.

Kuhusu bei, angalia madalali wakubwa wanamtoza mgeni kiasi gani na wanamlipa mwenye pointi kiasi gani. Bei yako ikae katikati ya hizo mbili. Mgeni anaokoa kidogo, nawe unapata zaidi.

Usihifadhi chumba kwa kubahatisha ukitumaini mnunuzi atatokea, hasa kwa pointi zilizowekwa benki. Mnunuzi asipotokea, utabaki na chumba cha tarehe usizozihitaji na pointi zisizoweza kusogezwa.

Hatua ya 7: Mkataba

Mara ya kwanza nilikubaliana na mgeni kwa jumbe za simu tu. Alikuwa mtu muungwana, na mimi nilijiona muungwana pia. Wiki tatu kabla ya kuingia, mama yake akaugua ghafla, akaniomba pesa zake. Nilimwelewa kabisa. Lakini chumba kikifutwa zikiwa zimebaki siku 30 au pungufu, pointi zinaingia kwenye akaunti ya kushikilia: haziwekwi benki tena, na huwezi kuzitumia ila kwa makazi yanayoanza ndani ya siku 60 tangu unapohifadhi. Nilimrudishia nusu. Nusu ile niliitoa kwenye mshahara kumalizia meli, na yeye akabaki akihisi amedhulumiwa nusu nyingine. Sote wawili tuliumia kwa kukosa ukurasa mmoja wa maandishi.

Andika, kwa lugha nyepesi, mambo haya:

Majina kamili ya watu wote watakaolala, kama yalivyo kwenye vitambulisho. Hoteli, aina ya chumba, tarehe ya kuingia na kutoka. Bei yote na tarehe za kulipa. Kwamba mabadiliko yoyote yanapitia kwako, maana mgeni hawezi kupiga simu mwenyewe kubadili chumba kilichohifadhiwa kwa pointi. Kwamba uharibifu na gharama za ziada hotelini ni za mgeni. Nini kitatokea ukishindwa wewe: pesa yote inarudi ndani ya siku kadhaa unazozitaja.

Kisha kipengele cha kufuta. Mimi huandika wazi kwamba pesa hairudi mgeni akifuta, na mstari unaofuata namshauri kwa maandishi anunue bima ya safari ndani ya siku chache baada ya kulipa. Ni kipengele kigumu, najua. Mueleze kwa mdomo pia kabla hajasaini, umsikie akisema ameelewa. Mgeni anayekataa bima na kukataa kipengele hiki mwache aende kwa mwingine.

Umefaulu kama nakala iliyosainiwa na pande zote iko kwenye barua pepe yako kabla senti moja haijabadilishana mikono.

Hatua ya 8: Kuhifadhi chumba

Mfumo wa mtandaoni hufunguka saa 2:00 asubuhi kwa saa za mashariki mwa Marekani. Vyumba vya mandhari ya savana na vile vichache vya pointi ndogo Jambo House huisha upesi, wakati mwingine unaviona na kabla hujabonyeza vimekwenda.

Jioni iliyotangulia, ingia kwenye akaunti na uhakikishe nywila inafanya kazi. Andika majina ya wageni kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Asubuhi, keti kwenye kompyuta dakika 10 kabla, chagua hoteli na tarehe, na saa mbili kamili onyesha upya ukurasa. Chagua chumba, angalia mara mbili kwamba mfumo unatumia pointi zilizowekwa benki kwanza, thibitisha.

Jina la mgeni liingie kama mgeni mkuu, si lako. Likibaki la kwako, atafika mapokezi aambiwe hayupo kwenye orodha.

Mara tu uthibitisho unapotoka, piga picha ya skrini na umtumie mgeni namba ya uthibitisho. Aiingize kwenye programu ya My Disney Experience. Chumba kikionekana kwenye simu yake, na hoteli na tarehe zikiwa sahihi, hapo ndipo hatua imekamilika, na hapo ndipo malipo ya kwanza yanadaiwa.

Hatua ya 9: Kupokea pesa

Kwa dalali, pesa huja kwa njia aliyoitaja kwenye mkataba wake. Kwa anayefanya mwenyewe, uhamisho wa benki ndio salama kwako zaidi. Malipo ya kadi kupitia mitandao ya malipo humpa mgeni nafasi ya kuyapinga hata baada ya kulala, kwa hiyo ukiyakubali, mkataba na picha za skrini viwe tayari.

Hundi ndiyo hatari kubwa. Utapeli maarufu ni huu: "mgeni" anatuma hundi ya benki yenye kiasi kikubwa kuliko mlichokubaliana, anaomba umrudishie chenji haraka. Benki inaweza kukuonyesha pesa zimeingia kabla haijagundua hundi ni ya kughushi. Ikigundua, inazichukua zote, na ile chenji uliyotuma imetoka mfukoni mwako. Anayelipa zaidi na kuomba chenji, achana naye hapohapo.

Pesa ikiingia, iache kwenye ile akaunti ya pembeni. Usiichanganye na ya matumizi ya nyumba hata kwa wiki moja. Na hadi mgeni alale, ihesabu kuwa ni amana: kama hoteli itashindwa kumpokea kwa sababu iliyo upande wako, utatakiwa kuirudisha.

Hatua ya 10: Kulipa meli kwa mafungu

Arubuni ya meli ilipe kwa akiba yako, baada ya chumba cha mgeni wa kwanza kuthibitishwa. Disney Cruise Line kwa kawaida huomba asilimia 20. Kabla hujalipa, soma kama arubuni hiyo inarudishwa. Kampuni kadhaa huuza nauli nafuu kwa arubuni isiyorudi. Kwa mpango unaotegemea pesa ya mtu mwingine, chagua inayorudi hata kama ni ghali kidogo.

Malipo ya kwanza ya wageni yakishatulia benki, punguza deni la meli kwa sehemu tu, kampuni nyingi zinakubali malipo ya vipande. Mwachie mgeni wa pili nafasi ya kukuyumbisha bila kukuzamisha.

Siku mgeni anapoingia, mtumie ujumbe mfupi mchana: "Mmepokelewa salama?" Ni adabu, na pia ndiyo saa ambayo tatizo dogo hutatulika kwa simu moja kabla halijawa ugomvi. Akijibu kwamba ufunguo anao, mwandikie dalali siku hiyohiyo kuulizia salio lako.

Wiki mbili kabla ya mstari mwekundu, fungua akaunti. Salio likitosha, lipa meli yote siku hiyo, usisubiri ya mwisho. Lisipotosha, piga simu kwa kampuni ya meli mapema: kubadili chumba kutoka chenye baraza kwenda cha ndani, au kusogeza tarehe, kunawezekana kabla ya siku ya malipo ya mwisho kwa urahisi ambao haupo baada yake. Chumba cha ndani kina meli ileile, chakula kilekile na bahari ileile.

Hatua ya 11: Kodi ya mapato

IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huhesabu pesa ya kukodisha kuwa kipato. Dalali anaweza kukutumia fomu ya 1099, inayoonyesha pesa aliyokulipa, na asipotuma bado unawajibika kukitaja. Ada ya mwaka uliyolipa kwa pointi zilizokodishwa inaweza kupunguza kiasi kinachotozwa, kwa hiyo mpelekee mtaalamu wa kodi karatasi zote mbili pamoja, ya mapato na ya ada.

Tenga sehemu ya pesa kwa ajili hiyo kabla hujalipa matembezi ya nchi kavu. Mikataba, picha za skrini na taarifa za benki ziweke kwenye bahasha moja yenye mwaka juu yake, na uitunze angalau miaka 3 baada ya kuwasilisha fomu zako.